Wengi si Wote: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako niliupata Jumapili jioni. Nikausoma mara mbili, kisha nikauweka kando siku tatu. Usidhani nilikupuuza. Swali lako limenigusa mahali ambapo sijawahi kukuonyesha.

Nalirudia hapa ili tusipotezane. Umesema mlikuwa kwenye semina ya mafundisho jamii ya Kanisa, mwenzako mmoja akasimama na kuuliza: mtu amekamatwa, ametega bomu mahali penye watu, anajua lilipo na hataki kusema. Kanisa linatufundisha kutanguliza mafao ya wengi. Sasa huyu mmoja akipigwa mpaka aseme, na watu mia wakapona, si ndiyo hayo mafao ya wengi? Ukakosa la kumjibu, ukaniandikia: "Baba, wewe umefanya kazi gerezani miaka yote ile, ungemwambia nini?"

Ningeanza na hilo neno "wengi", maana limetuponza. Kiswahili cha kanisani kimezoea kusema "mafao ya wengi", tunalisikia kwenye mahubiri mpaka limekaa masikioni kama hesabu ya kura: wengi wape. Kilatini chake ni bonum commune, jema la pamoja, ambalo ni langu na lako kwa wakati mmoja, wala halikatwi vipande ili mwenye kundi kubwa achukue kipande kikubwa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, unasema ni jumla ya hali za maisha ya jamii zinazowawezesha watu, kwa makundi na mmoja mmoja, kuufikia ukamilifu wao. Shika hapo kwenye "mmoja mmoja". Katekisimu nayo, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1907, inapotaja mambo yanayounda jema hilo, inaanza na kumheshimu mtu kwa sababu ni mtu. Inaanza hapo. Haisemi tutamheshimu tukishamaliza mengine.

Yupo mwanauchumi Mkatoliki wa Italia, Stefano Zamagni, aliyeliweka jambo hili kwa hesabu ambayo hata mimi niliyeikimbia hesabu shuleni niliielewa. Mafao ya wengi, kwa maana ya mwenzako, ni kujumlisha: kumi na kumi na kumi na sifuri, bado una thelathini, na huyo sifuri hamna anayemwona. Jema la pamoja ni kuzidisha. Tia sifuri moja tu uone unabaki na nini.

Na hoja ya mwenzako, kwa taarifa yake, ina mwenyewe kwenye Injili. Fungua Yohane 11:50. Kayafa anawaambia wazee wa baraza: "yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, wala lisiangamie taifa zima." Huyo hakuwa mhuni wa mtaani, alikuwa kiongozi mwenye dhamana, ana hofu ya kweli kuhusu Warumi, anapiga hesabu. Songa mbele hadi sura ya 18. Mahabusu anahojiwa, anajibu jibu lisilompendeza afisa, askari anamzaba kofi. Anasema: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Miaka mingi nilisikia maneno haya Ijumaa Kuu nikiwa nimesimama na mshumaa wangu, nikarudi kazini Jumatatu bila kuyaunganisha na chochote.

Sasa nije huko kazini.

Unajua nilikuwa karani wa mapokezi. Mahabusu akiletwa, mimi ndiye nilifungua kitabu: jina, umri, kosa, vitu alivyokuja navyo, hali ya mwili. Siku moja aliletwa kijana wa rika lako la sasa. Shati lake lilikuwa wazi kifuani, nikamwambia afunge vifungo, hapa si sokoni. Akajaribu. Nilimtazama akihangaika na kifungo kimoja, kidole gumba kinagusa kile kifungo na hakikioni, kama mtu anayepapasa gizani. Mikono yote miwili. Viganja vimevimba, na kuzunguka kila kifundo cha mkono kuna mstari mweusi, umebana kama bangili. Kiswahili nacho kina mzaha wake: kifungo cha shati na kifungo cha gerezani ni neno moja.

Alisema, bila mtu kumuuliza, kwamba alining'inizwa. Alisema pia kwamba alimtaja mdogo wake. Mdogo wake hakuwepo, ila walitaka jina la pili, na jina lililokuwa karibu na ulimi ni la mtu anayelala naye chumba kimoja. Mdogo wake akakamatwa usiku huohuo.

Nikafika kwenye safu ya hali ya mwili. Askari waliomleta walikuwa wamesimama hapo, mmoja anatazama saa. Nikaandika: "Nzuri. Hana jeraha." Ilikuja zamu ya kutia sahihi, kalamu ikamponyoka mara mbili. Askari mmoja akamshika kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza juu ya maneno yangu.

Kama aliiba au hakuiba, sijui hadi leo. Nakuambia hili makusudi, kwa sababu nikisimulia utataka awe hana hatia, nami nilitaka hivyo. Lakini Kanisa halikuweka ulinzi huu kwa ajili ya wasio na hatia peke yao. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, uliotoka mwaka 2004, namba 404, unasema katazo la mateso katika upelelezi lishikwe kikamilifu hata pale kosa ni kubwa. Katekisimu namba 2297 inataja sababu zinazotumika: kumfanya mtu akiri, kumwadhibu mwenye kosa, kuwatisha wapinzani, kukidhi chuki. Zote inazifungia mlango. Papa Benedikto XVI, mwaka 2007, akizungumza na wahudumu wa kichungaji wa magereza, alisisitiza kwamba katazo hilo halivunjwi katika hali yoyote ile.

Mwenzako akiwa msomaji atakurudishia historia, na hapo usijitetee. Mwaka 866 Papa Nikolao I aliwaandikia Wabulgaria kwamba sheria ya Mungu wala ya mwanadamu hairuhusu kumtesa mtu ili akiri, kwa kuwa kukiri kunapaswa kutoka kwa hiari. (Tunaoingia kwenye kitubio tunalijua hilo, hakuna padri anayekupiga ili uungame.) Halafu mwaka 1252 Papa Inosenti IV akaruhusu wazushi, yaani walioshika imani iliyopingana na ya Kanisa, wateswe, mradi wasikatwe kiungo wala kufikishwa kwenye hatari ya kufa. Kwa macho ya leo unaona ilivyokwenda: mpaka uliowekwa ili mambo yasizidi ndio uliogeuka ruhusa. Mahakama za dola ya Papa ziliachana na mateso rasmi mwaka 1816, chini ya Pius VII. Hesabu mwenyewe hiyo karne kwa karne. Katekisimu, namba 2298, inakiri kwamba mara nyingi wachungaji hawakupinga, na kwamba wao wenyewe waliingiza utaratibu huo kwenye mahakama zao. Mimi namba hiyo naiheshimu kuliko mahubiri mengi.

Kabla yao wote, Mtakatifu Agustino alishaona tatizo. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anamzungumzia hakimu anayemtesa mtuhumiwa ili ajue kama ana hatia: asiye na kosa anapata adhabu ya hakika kwa uovu usio na hakika. Agustino hakumwambia hakimu aache, alimwambia alie kwa Mungu. Nadhani hapo alipungukiwa, Mungu anisamehe.

Kuhusu bomu lenyewe. Angalia mwenzako alivyolipanga: tuna hakika ndiye, tuna hakika anajua, tuna hakika atasema kweli, na muda unatosha. Miaka yangu yote sikukutana na hakika hizo nne siku moja, na hata moja ilikuwa shida. Nilichokiona ni kwamba aliyeumizwa husema kile anachohisi kitakomesha maumivu, na kinachoyakomesha ni kile anachotaka kusikia anayeuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 ulilitazama bomu hilo ukalijibu katika ibara ya 2: si vita, si tishio la vita, si machafuko, si dharura yoyote inayohalalisha. Vatikano nayo iliridhia mwaka 2002. Na ibara ya 15 inakataza maneno yaliyopatikana kwa mateso kutumika mahakamani kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya mtesaji mwenyewe.

Lakini ibara iliyoninyima usingizi ni ya kwanza. Inaeleza mateso ni nini, na pamoja na afisa anayeumiza, inamtaja anayeridhia na anayenyamaza. Niliisoma nikiwa nimeshastaafu. Hakuna mahali ilipoandikwa "isipokuwa karani".

Gaudium et Spes, namba 27, inasema maovu ya namna hii huwachafua zaidi wanaoyatenda kuliko wanaotendewa. Zamani niliona ni maneno ya kanisani tu, maana anayeumia si anaonekana? Siku hizi sibishi. Yule aliyekuwa akitazama saa tulikuja kukaa naye benchi moja kanisani, watu wazima, wazee. Hatukuwahi kulitaja. Tulipeana amani kila Jumapili, na kila Jumapili nikimpa mkono nilikitazama kidole chake gumba.

Nililipeleka kwenye kitubio, nimechelewa sana. Padri alinisikiliza, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kitabu kilisahihishwa?" Nikamwambia kitabu si changu tena, ni mali ya ofisi. Akasema kitabu cha pili naweza kuandika. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinataka majeraha yanayoonekana na malalamiko ya kuteswa yaandikwe mfungwa anapopokelewa. Basi, kwa kuzifuata zile kanuni, niliijaza ile safu upya: tarehe, saa, viganja, ile mistari miwili, alichosema kuhusu mdogo wake, majina ya waliokuwepo, na la kwangu nikaliweka la kwanza.

Kwa hiyo mwambie mwenzako haya ya Kayafa na ya kuzidisha, yatamtosha. Karatasi zenyewe, kurasa nne, nimezitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua hii. Usizisomee ofisini. Mama yako ameshazisoma. Wewe ndiye mwanasheria wa nyumba hii: zisome, kisha unipigie uniambie tuzipeleke wapi, na kama bado kuna namna ya kuwapata wale ndugu wawili.

Baba yako