Nimeletewa karatasi ya kukiri uzembe baada ya ajali kazini: nitie sahihi?

SWALI: Mimi ni kibarua katika karakana ya useremala. Miezi miwili iliyopita, nilipokuwa nikipasua ubao, msumeno wa mashine ulinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kikingio cha msumeno huo kilikuwa kimeondolewa zamani kwa madai kwamba kinachelewesha kazi. Mwajiri alinipeleka hospitali na kulipa gharama za siku ya kwanza tu. Sasa kidole kimoja hakikunjiki, na ncha yake ina ganzi. Juzi aliniita, akanipa fedha kidogo na karatasi inayosema kwamba ajali ilitokana na uzembe wangu na kwamba sina dai lolote. Nakiri kuwa siku hiyo nilikuwa na haraka. Je, nitie sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Usitie sahihi.

Neno «uzembe» halikuandikwa kwenye karatasi hiyo kwa bahati, kwani linakusudiwa kukutia aibu hadi uone kwamba hustahili kitu. Zamani mfanyakazi aliyeumia alilazimika kuthibitisha mahakamani kwamba mwajiri ndiye mkosaji, na wengi walishindwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1884 ilileta utaratibu mwingine: mfanyakazi alilipwa kutoka katika bima iliyochangiwa na waajiri, bila kuulizwa nani alikosea, naye kwa kawaida hakuweza tena kumshtaki mwajiri. Sheria za fidia za nchi nyingi leo zimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo haraka yako peke yake haifuti haki yako. Kinachoweza kuifuta ni jambo zito zaidi, kama kujiumiza kwa makusudi.

Hata tukizungumzia makosa, kikingio kiliondolewa na nani? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mashine zilizo chini yake ni salama. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu hata kama haijauridhia.

Yapo madai ya aina tatu, na karatasi hiyo inataka kuyazima yote kwa mpigo. Kwanza ni matibabu, pamoja na mazoezi ya kukirudishia kidole nguvu. Pili ni malipo ya siku ambazo hukuweza kufanya kazi; Mkataba Na. 121 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1964, unaweka kima cha chini cha asilimia 60 ya mapato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu, ambayo hupimwa na daktari baada ya jeraha kutulia. Kwa seremala, mkono wa kushoto ndio unaoshika na kuelekeza ubao, na leo hakuna anayeweza kusema kidole hicho kitabaki na nguvu kiasi gani. Ndiyo maana kuyafunga madai sasa ni mapema mno.

Kuhusu ukibarua, zipo sheria zinazowaacha nje baadhi ya vibarua. Hata hivyo, Mkataba Na. 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unaruhusu kuwatenga wale tu ambao, pamoja na kuwa wa muda, wameajiriwa kwa shughuli isiyo ya biashara ya mwajiri. Wewe ulikuwa unapasua mbao katika karakana ya mbao.

Mwajiri ana wajibu wa kuiarifu mamlaka ya kazi. Usimngojee: peleka taarifa yako kwa maandishi wiki hii, ubaki na nakala yenye muhuri, kwa kuwa muda wa kudai una kikomo na miezi miwili imekwisha kupita. Fedha unaweza kuzipokea, mradi stakabadhi itaje kiasi na tarehe tu. Andika majina ya wenzako walioshuhudia, na kama unaweza kuingia karakana, upige msumeno picha, maana vikingio vina desturi ya kurudi mahali pake ghafla baada ya ajali. Kisha rudi kwa daktari umweleze habari ya ile ganzi, aiandike kwenye faili lako, kwa sababu mpimaji wa ulemavu ataanza kwa kusoma faili hilo.