Delaney hakuhitaji kibali, mpwa wangu

Nimesikiliza ujumbe wako. Umesoma habari za Frank Delaney, karani wa benki kutoka Tipperary, Ireland, aliyekuja kusoma taarifa ya habari RTÉ, shirika la utangazaji la huku, mwaka 1970, akaingia BBC, akahamia London, na uzeeni riwaya zake zikauzwa sana Marekani. Ukamalizia: "Mjomba, nami ni mtangazaji hapa Tanga na ninaandika. Nisainie barua ya udhamini nije kusoma Dublin, mengine nitayajua huko huko."

Nani anawadanganya kuwa mengine hujulikana huku huku? Nimekasirika, ila si kwa ajili yako.

Delaney alivuka akiwa Muirishi. Ireland na Uingereza zina makubaliano ya kusafiri tangu miaka ya 1920, na sheria ya Uingereza ya 1949 inasema Ireland si nchi ya kigeni. Alipokabidhiwa kipindi cha vitabu Radio 4 ya BBC mwaka 1978, hakuhitaji kibali cha mtu.

Wewe utapewa stempu namba 2, ruhusa ya ukaazi ya mwanafunzi. Saa 20 za kazi kwa wiki masomo yakiendelea, na huruhusiwi kujiajiri. Yaani redio ikikupenda ikataka kukulipa kipindi kimoja kimoja, sheria inakukatalia. Kadi ya ukaazi ni euro 300 kila unapoihuisha. Na miaka hiyo ya uanafunzi haihesabiwi siku ukiomba uraia! Mimi nimeipitia. Sasa nina kibali cha kutunza wazee, zamu za usiku. Wazee nawapenda, wana hadithi nyingi, lakini sijaandika hata ukurasa mmoja tangu nifike. Hilo linaniuma kuliko baridi.

Usije. Lakini ukipata ufadhili kamili wa shahada ya uzamili, njoo hata kesho, utalala kwangu. Ukihitimu unaweza kupewa hadi miezi 24 ya kutafuta kazi. Kuuza shamba la bibi ili ulipe ada, hapana, sitaki kulisikia tena.

Na huyo Delaney mtazame vizuri. Alihamia Marekani mwaka 2002, na riwaya iliyomvumisha kule, iitwayo Ireland, inahusu msimulizi wa hadithi anayepita nyumba kwa nyumba. Juni 2010 akaanza podikasti ya kuichambua Ulysses, riwaya ya Muirishi James Joyce, kipande kwa kipande, akaendelea nayo mpaka alipofariki Februari 2017, kitabu hakijaisha. Kazi kama hiyo unaweza kuianza Tanga leo. Pangani wazee wanaosimulia bado wapo. Chukua simu, kawarekodi, maana mimi siwezi kuwafikia.

Ukiwa bado unataka kuja, nitumie barua ya chuo yenye ada iliyoandikwa wazi, pamoja na sura mbili za riwaya yako. Kabla ya hapo sisaini kitu. Na mwambie mama pesa ya dawa nimetuma jana. Asiigawe hata shilingi kwa wakala wa viza.