Uyoga wa porini: kuchuma na kukausha

Dada, umeuliza kama unaweza kuchuma uyoga mwenyewe kwenye miombo ya Iringa mvua hizi, na jinsi ya kuuweka hadi kiangazi.

Tafadhali usiende peke yako msimu wa kwanza. Fuatana na mama anayeuchuma tangu utoto, na ule aina anazozijua yeye tu. Anza na uyoga wa vichuguu: ukiufukua taratibu utaona shina lake linashuka kama mzizi mrefu hadi kwenye kichuguu. Ule mweupe wenye pete shinani na kifuko chini yake uache kabisa. Watu husema ukiliwa na konokono ni salama. Si kweli! Konokono hula hata uyoga unaoua mtu, na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kutapika huweza kuanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, ini likiwa tayari limeanza kuumia. Hilo likitokea, kimbieni hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe.

Kuhifadhi ni rahisi. Usiuoshe, futa udongo kwa kitambaa, kata shina lenye mchanga, uchane vipande vyembamba na kuuanika juu ya ungo juani, usiku uingize ndani. Ukivunjika kwa mlio, tia kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana. Ukipinda bado una maji, utaota ukungu. Siku ya kupika loweka kwenye maji ya vuguvugu, kisha uunge kwa karanga za kusaga.