Haijakauka, mwanangu

Mdogo wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda. Mimi ndiye mkubwa nyumbani, na pale msibani Mbagala, Dar es Salaam, kila aliyenishika bega aliniambia neno lilelile: jikaze. Nikajikaza. Nilisimamia uchimbaji wa kaburi, nikatafuta turubai na viti, nikahesabu rambirambi, nikapokea ndugu waliotoka Lindi. Sikutoa chozi. Arobaini ilipopita watu wakarudi makwao, nami nikabaki na usingizi wa kuokoteza na hasira ambayo sikujua nimtupie nani.

Mama naye alinyamaza kwa namna yake. Jina la marehemu likawa halitajwi mle ndani, kila mmoja akiogopa kumtonesha mwenzake.

Kazi yangu ni kusambaza mizigo, na njia yangu hupita Oysterbay, eneo la Morogoro Stores, wanapokaa wachoraji wa Tingatinga, ile michoro ya wanyama kwa rangi za kung'aa. Nikawa nasimama pale kutazama. Siku moja mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, unakuja kila siku unasimama tu, huchoki?" Nikamwamkia, akanisogezea kigoda. Wiki ya tatu akanipa kipande cha kitambaa kilichokwisha kuwambwa kwenye fremu, na brashi iliyobaki nywele chache.

Uchoraji ule una utaratibu wake. Rangi ni za mafuta, zile za makopo ambazo mafundi hupakia milango na mageti. Unaanza na rangi ya chini, unaipaka kitambaa chote, kisha unaacha ikauke. Ndipo unaweka umbo la mnyama, nalo unaliacha. Madoa, macho na manyoya huja mwisho. Ukiharakisha, rangi zinaingiliana na kuwa tope. Mimi niliharakisha. Nilichora juu ya bluu mbichi, kila kitu kikavurugika, na mkono ukaanza kunitetemeka kwa hasira kubwa kuliko kosa lenyewe. Mzee akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasema, "Haijakauka, mwanangu. Njoo kesho." Machozi yaliyonigomea makaburini yakanitoka pale, mbele ya watu nisiowajua majina. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Jirani yangu alisogeza kopo lake la rangi karibu yangu akaendelea na twiga wake.

Baadaye ndipo nilipojifunza habari za aliyeanzisha uchoraji huu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja mjini kutafuta kazi, akaanza kuchora mwaka 1968 bila kupitia chuo chochote cha sanaa, kwa rangi za kung'aa na vipande vya hardboard, yaani mbao nyembamba za kushindiliwa, za bei nafuu. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu! Wanafunzi wake, wengi wakiwa ndugu zake, walijifunza kwa kukaa kando yake, na mpaka leo ndivyo ufundi huo unavyorithishwa pale: bega kwa bega, makopo yakiwa katikati.

Kukaa huko ndiko ninakokushauri kwanza, kabla ya kununua brashi. Tafuta watu wanaofanya kitu kwa mikono na uombe kukaa nao. Si lazima iwe picha. Shangazi zangu husuka ukili barazani, na nimewasikia wakisemezana mambo mazito macho yakiwa kwenye chane, mambo ambayo wasingeyatamka wakitazamana usoni. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Ukikosa watu, anza na daftari na kalamu ya risasi. Ila usianze kwa kuwaza kuuza, wala usimwonyeshe mapema yule ndugu ambaye swali lake la kwanza huwa "inalipa?" Kidonda kibichi hakihitaji bei.

Tena, usiifanye sanaa kuwa badala ya matibabu. Ukiona huli chakula, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko hakukupunguzii heshima. Mimi nilikwenda, na nikaendelea kuchora.

Picha yangu ya kwanza kukamilika ilikuwa ya njiwa. Mdogo wangu alifuga njiwa tangu shule ya msingi, kwenye banda la mbao nyuma ya jiko, na baada ya msiba tuliwagawa wote kwa majirani. Nilimchora mmoja ana mguu uliopinda, kwa sababu sikuweza kuunyoosha. Nikaiegemeza picha ukutani sebuleni, nikatoka kwenda kuoga.

Niliporudi, Mama alikuwa amechuchumaa mbele yake, ncha ya kanga mkononi.

"Huyu ni yule wa Hamisi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo tangu arobaini. "Yule aliyevunjwa mguu na paka. Alimfunga kwa kijiti cha ufagio, akalala naye chumbani siku tatu. Mimi namfokea, yeye ananibembeleza."

Akacheka, kisha akalia, nami nikakaa sakafuni pembeni yake. Alisimulia mpaka adhana ya isha. Mengine sikuwahi kuyasikia.

Kabla ya kuinuka aliitazama tena picha. "Lakini shingo yake ilikuwa na kijani, kile cha kumeta. Hukukiweka."

Kesho yake nilirudi na kikopo cha kijani na brashi mbili.