Kufuli liache huko huko

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unauliza kama tumfungie mdogo wako chumbani wiki mbili mpaka unga, heroini ile, umtoke, na unasema kufuli umeshanunua. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Hapana, baba. Tusimfungie.

Hukuwahi kusimuliwa mjomba wako alivyoachishwa gongo. Kule Mpwapwa babu yako alimfungia kwenye stoo ya mahindi, kwa nia njema kabisa. Siku ya kwanza alitukana tu. Siku ya pili nilimpelekea uji, mikono ikamtetemeka hadi bakuli likamwagikia kifuani. Usiku wa tatu akawa anakung'uta shuka, analalamika siafu wamemjaa. Siafu hawakuwapo. Kabla ya alfajiri akashikwa na degedege. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati, na huko tukaambiwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka hakatiwi pombe ghafla bila dawa, anaweza kufa. Alipona. Ila mlango wa stoo ile bado nauota.

Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ukiukosa, ni nyingine. Jasho, kamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kukimbia. Inazidi siku ya pili na ya tatu, halafu ndani ya wiki moja hivi inalegea. Utaniambia basi wiki mbili zinatosha. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwili ukikaa bila unga unapoteza uwezo wa kuuhimili, lakini hamu yake haiondoki. Siku tutakayofungua mlango akapita kijiweni, akatumia kiasi kile kile alichozoea, pumzi inaweza kukatika. Wako waliokufa hivyo, wakiwa ndiyo kwanza wametoka kuacha.

Umeandika pia, "Angetupenda angeacha." Hata mimi niliwaza hivyo alipouza redio ya marehemu baba yenu. Siku hizi sisemi tena. Unga ukizoeleka, ubongo unauhesabu kama chakula na maji, na mtu anatafuta kete ya asubuhi ili tu asiumwe, raha ilishakwisha zamani. Kutupenda anatupenda. Aliporudi usiku ule alinifunika khanga akidhani nimelala.

Jumatatu nilikwenda Itega, kwenye kituo cha waraibu cha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma. Najua jina hilo watu wanalifanya tusi tangu tukiwa watoto, na hospitali ipo tangu 1927. Mimi sikuona aibu. Wanatoa methadoni, dawa ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, na ni bure. Ni ya maji, mtu anainywa pale pale mbele ya nesi, kila siku. Nilisimama nikitazama foleni: kijana anakunywa kikombe chake, kisha anamsalimia nesi kwa sauti. Niliuliza kwa nini salamu inakuja baadaye. Kumbe ni kuhakikisha amemeza. Dozi moja inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, arosto haiji, na akili inatulia mtu akaweza hata kushika kazi. Wapo wanaoitumia kwa miaka, na kuipunguza ni kazi ya daktari, siyo yake wala yetu.

Jirani kaniambia huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mwenye presha akinywa vidonge kila siku hatumwambii hivyo.

Soba hausi, nyumba wanazokaa waraibu wanaoacha, sizikatai. Akishatulia na akitaka, tutaitafuta yenye washauri nasaha, isiyopiga mtu. Na akirudia, maana wengi hurudia, tutampeleka tena asubuhi yake. Ukitaka kuuliza lolote bila kujulikana, piga 119, namba ya bure ya mamlaka ya dawa za kulevya.

Fedha mkononi usimpe. Nauli ya daladala nitalipa mimi, nitakwenda naye mpaka azoee njia. Chakula chake kitakuwa mezani hata akichelewa.

Jana nilimwambia habari za Itega. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Utanisindikiza?"

Panda treni ya Ijumaa. Kufuli liache huko huko. Mletee raba, saizi 42. Zake aliziuza, na kutoka kituo cha daladala kuna kutembea.

Mama yako