Python, JavaScript au Kotlin? Tazama kwanza mashine uliyonayo

Msomaji mmoja ameuliza aanze na lugha gani ya programu, na atajuaje kama kazi hii inamfaa. Namjibu hapa kwa sababu wengi wana swali hilohilo.

Kabla ya kuuliza lugha ipi ina soko, angalia kompyuta yako. Kwa programu za Android, tangu 2019 Google wanaitanguliza Kotlin. Ila kazi hiyo hufanyika ndani ya Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, nayo inataka RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 kwenda juu. Ukiilazimisha kwenye mashine ya GB 4, utashinda ukisubiri ifunguke. Watu huachia hapo wakidhani hawana kichwa cha programu, kumbe shida ni mashine tu. Inaniuma kila ninapoiona.

Mwenye GB 4 aanze na JavaScript au Python. JavaScript haihitaji kupakua chochote: fungua Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya Console, andika. Ukitaka kutengeneza tovuti, hiyo ndiyo njia yako. Python inafaa zaidi kwa mahesabu, takwimu na kazi za ofisini zinazojirudia. Unapoiweka kwenye Windows, weka tiki kwenye kisanduku cha "Add python.exe to PATH" kabla ya kuendelea, ili Windows ijue Python iko wapi. Ukikiruka, ukiandika `python` Windows inaweza kukupeleka kwenye duka la Microsoft, na utadhani hukuiweka kabisa. Mwenye simu ya Android pekee atumie Pydroid 3, app ya kuandikia Python kwenye simu.

Kiingereza kisikutishe. Python ina maneno maalumu 35 tu, na hayo utayazoea kwa kuyatumia.

Sasa suala la kukufaa. Usijipime kwa alama zako za hisabati. Andika kwa Python programu ndogo ya kujumlisha michango ya kikoba:

`a = input("Mchango wa kwanza: ")`
`b = input("Mchango wa pili: ")`
`print(a + b)`

Ingiza 500, kisha 200. Jibu litakuwa 500200. Sababu ni kwamba `input` huchukua kila kitu kama maandishi, na maandishi mawili yakijumlishwa huunganishwa tu. Andika `int(input(...))` kwenye mistari yote miwili, utapata 700. Halafu ingiza 5,000 na mkato wake, kama mweka hazina anavyoandika daftarini. Programu itakatika na kutoa ujumbe wa kosa, `ValueError`.

Jiangalie unafanya nini hapo. Ujumbe wa kosa husomwa kuanzia mstari wa mwisho: ndio unaotaja aina ya kosa na thamani iliyoleta shida, na juu yake kuna namba ya mstari wa programu yako. Anayekimbilia kuubandika ujumbe huo kwa akili mnemba (AI) bila kuusoma hatajifunza, hata apewe jibu sahihi. Wewe usome, kisha ondoa mkato kwa `.replace(",", "")` kabla ya kugeuza kuwa namba.

Ikikubali, na ukajikuta unajiuliza itakuwaje mtu akiandika "elfu tano", basi endelea. Kazi hii ni yako. Somo linalofuata ni `try` na `except`, ili programu imwombe aandike upya badala ya kukatika.