Dini ipigwe marufuku darasani?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi nafundisha watu wazima jioni, kusoma na kuandika pamoja na mambo ya uraia. Darasani kuna Waislamu, Wakristo wa madhehebu tofauti, Mhindu mmoja na mwingine anasema hana dini. Juzi tulikuwa kwenye mada ya mirathi, mwanafunzi mmoja akamwambia mwenzake "nyie ndo mnawanyima wanawake haki," mwenzake akabeba daftari lake akaondoka na mpaka leo hajarudi. Walimu wenzangu wanasema nipige marufuku habari za dini kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwalimu. Kabla ya kutunga sheria yoyote mtafute huyo aliyeondoka, tena umwone uso kwa uso, sio kumtumia meseji. Mtu mzima mpaka akubali kukaa tena kwenye dawati ameshameza aibu nyingi, sasa akiaibishwa humohumo darasani ni ngumu sana arudi mwenyewe. Na kama siku ile ulinyamaza, mwambie kwamba ulinyamaza na hukutakiwa kunyamaza.

Hiyo ya kupiga marufuku mi siikubali hata kidogo. Hebu jaribu kufundisha mirathi, ndoa, sikukuu za kitaifa au mavazi ya watoto shuleni bila kugusa dini uone kama utabaki na kitu cha kufundisha, maana hayo ndo mambo yanayomgusa raia nyumbani kwake, na ukiyafungia nje watu wataenda kubishana huko huko nje ambako hakuna wa kuwatuliza. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linasema elimu ikuze maelewano, uvumilivu na urafiki kati ya makundi ya dini, na sidhani kama maelewano yanakuzwa kwa kunyamazishana.

Shida hapo ilikuwa hilo neno "nyie". Kubalianeni kila mtu aseme la kwake: mimi naamini hivi, kwetu nilifundishwa hivi. Basi. Na wewe usije ukamgeukia yule Mhindu ukamuuliza Wahindu wanasemaje, yeye kaja kujifunza, hajatumwa na Wahindu wote. Halafu leta sheria ya mirathi yenyewe, isomeni mstari kwa mstari, kila mmoja aseme inakubaliana wapi na dini yake na inaachana wapi, kisha muulizane nani ana mamlaka ya kuibadilisha na raia wa kawaida anamfikiaje. Hapo mtakuwa mnasoma, mnafanya uraia na mnaongea dini kwa mpigo mmoja, bila wewe kumvuta mtu kwenye imani yako.

Kuna darasa moja nalipenda sana, la Johns Island kule South Carolina, Marekani, lilianza Januari 1957. Mwalimu wake Bernice Robinson alikuwa msusi, hakusomea ualimu, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, watu weusi waliokuwa wananyimwa kura kwa sababu sheria ya jimbo iliwataka wasome kipande cha katiba kwanza. Aliwaambia watafundishana, akawauliza wanataka kujifunza nini, na pamoja na kuandika majina yao na kujaza fomu, walitaka kusoma Biblia. Hakuwaambia Biblia iachwe kanisani. Biblia na katiba vikakaa meza moja, na kufikia 1961 madarasa ya namna hiyo yalikuwa yanasambaa majimbo ya kusini. Najua wale walikuwa wa imani moja na wewe una kazi ngumu zaidi, ila lile swali la kuwauliza wanataka nini hata wewe unaweza kuuliza, tena uulize yule aliyeondoka akiwepo.

SWALI: Mimi ndo yule asiye na dini kwenye darasa kama hilo, ila la mji mwingine. Mjadala ukianza nanyamaza, naogopa kuonekana natukana. Nina haki ya kuongea kweli?

JIBU: Unayo, ndugu yangu. Kifungu cha 18 cha tamko hilohilo kinalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na dhamiri ni ya kila mtu, hata asiyesali. Sema "mimi siamini, ila nafikiri hivi," kisha endelea na hoja yako ya mirathi kama wenzako.